Msamaha wa Bei Moja

Mtu anayeuza milango iliyotumika hana budi kuwa na maneno. Mlango mpya hujiuza wenyewe kwa harufu ya rangi. Huu uliong'olewa kwenye nyumba iliyobomolewa huja na alama za mateke, tundu la kitasa cha zamani, na pengine jina la mbwa limechorwa kwa msumari. Hapo ndipo ulimi unapoingia kazini. Na katika mtaa ule hakukuwa na ulimi ulioushinda ulimi wa bwana mmoja mnene, mwenye shati la mifuko mingi, ambaye wote walimwita Bei ya Mwisho. Hata wanawe walimwita hivyo, wakidhani hasikii.

Jina hilo alijibatiza mwenyewe bila kujua. Mteja akiuliza, alitaja bei na kuongeza kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. Mteja akigeuza mgongo, ilizaliwa bei nyingine ya mwisho, kisha mdogo wake, kisha kitinda mimba. Yeye hakuona uongo hapo. Sokoni kila mtu anajua kwamba bei ya kwanza ni salamu tu. Unataja cha juu, mwenzako anataja cha chini, mnakutana katikati, mnapeana mikono, na kila mmoja anakwenda zake akiamini amemla mwenzake. Kwa kuuza milango, hakuna njia iliyo bora kuliko hiyo. Shida ni kwamba Bei ya Mwisho hakuwa na njia nyingine. Alipatana na wanawe saa ya kulala, akapatana na daktari kiasi cha dawa, na alipofika kanisani alipatana na Mungu.

Kanisani kwao kulikuwa na kikundi kidogo kilichokutana Jumamosi alasiri katika darasa la shule ya udereva, kwa sababu kiongozi wao alikuwa mwalimu wa udereva na ndiye aliyeshika ufunguo. Waumini walikaa kwenye viti vya wanafunzi, chini ya michoro ya alama za barabarani, na kila mwaka ulipoanza kila mmoja alitaja mbele ya wenzake lengo moja la kiroho. Halikuandikwa popote. Mwalimu alisema karatasi haina aibu, uso wa mtu unayo.

Mwaka wa kwanza Bei ya Mwisho alisimama akatangaza kwamba atafunga na kuomba kila wiki. Alitegemea wenzake watamwambia, ndugu yetu, usijiumize, anza polepole, hata mara moja kwa mwezi inatosha. Wenzake wakasema amina. Akarudi nyumbani kama mchuuzi aliyekubaliwa bei ya kwanza: anajua ameliwa, ila hajui ni wapi. Tangu hapo akajifunza kutaja vitu visivyoshikika. Nitaomba zaidi. Nitampenda Mungu zaidi. Nitakuwa mnyenyekevu zaidi. Hiyo zaidi nani ataipima, na kwa mkanda upi?

Basi mwaka huu mwalimu wa udereva akaharibu biashara. Alikuwa mtu mwembamba, mtulivu, mwenye utulivu wa mtu anayetumbukizwa mitaroni na wageni kila siku na bado anafika nyumbani kula. Aliwaambia kwamba malengo yao ni mazuri sana, tena yanafanana na ya mwaka jana, ambayo yalifanana na ya mwaka juzi. Mwanafunzi akimwambia anataka kwenda mjini, alisema, yeye hamwelekezi njia kabla ya kumuuliza gari lake liko wapi kwa sasa. Kwa hiyo wiki hii kila mtu akamuulize anayeishi naye: ni wapi ninapoumiza watu huku nikijifanya sioni? Asijitetee. Asikilize tu, kisha aje na lengo.

Mama muuza maua, mjane asiyekosa neno, akauliza kama anaweza kumuuliza paka wake.

"Paka utakuwa umemhonga chakula," mwalimu akamjibu. "Muulize jirani."

Wengine walitoka pale wakikuna vichwa. Bei ya Mwisho alitoka akipiga mluzi. Kichwani tayari alikuwa na lengo zuri, lenye sura ya unyenyekevu, ambalo lingeziba midomo yote: atapatana na mdogo wake.

Mdogo wake huyo alikuwa seremala, mtu wa maneno machache mpaka akaitwa Fundi Kimya. Tangu ujana wao walifanya kazi katika ua mmoja. Kaka alinunua na kuuza. Mdogo alipiga randa, akaziba matundu, akabadilisha bawaba, na mlango uliokuja ukiwa kikongwe ukaondoka ukiwa bibi harusi. Sasa Fundi Kimya alikuwa ng'ambo ya barabara, akifanya kazi kwa mshindani wao, yule mwenye bango kubwa. Kila asubuhi ndugu hao wawili walifungua kazi wakitazamana, halafu wote wakainua macho juu, kama watu wanaosubiri mvua moja.

Ukimuuliza Bei ya Mwisho kilichotokea, alikwambia walitofautiana kidogo kuhusu mlango wa shule ya chekechea. Neno kidogo alilitamka vizuri sana, kama vile anavyotamka neno ufa mbele ya mteja.

Jioni ile alimkuta mkewe jikoni akimenya viazi. Mkewe alikuwa muuguzi wa zahanati, na wauguzi ni wateja wabaya, wameshaona kila kitu kikiwa kimevuliwa nguo. Akamweleza agizo la mwalimu. Kisha, kwa mazoea ya kutaja bei kabla mwenzake hajafungua mdomo, akaongeza kwamba yeye anavyojiona, tatizo lake ni kufanya kazi kupita kiasi.

"Hapo umeniuliza," mkewe akasema, "au umenijibu?"

Akakubali kwamba ameuliza.

"Basi kaa. Maana mgonjwa akiniambia anaumwa kidogo kwenye mguu, mimi namvua soksi. Ule mlango wa chekechea, nani alikwenda kuupima?"

Bei ya Mwisho akataka kujua hilo linahusiana vipi na maisha ya kiroho. Mkewe akachukua kiazi kingine. Aliendelea kumenya. Kimya cha mwanamke anayemenya viazi kina nguvu kuliko baraza la wazee, na mwishowe mume akasema kwamba aliyepima ni yeye, ila siku ile alikuwa na haraka, na fremu yenyewe ilikuwa imepinda.

"Na mwalimu mkuu alipokuja kulalamika kwamba mlango haufungi, ulimwambia nani kakosea?"

Hapo maji yakamfika shingoni. Alikumbuka vizuri. Yule mwalimu mkuu alikuja amekunja uso, ua umejaa wateja, na kitu kilichokuwa karibu na mkono kilikuwa mdogo wake. Alimshika bega, akacheka, akasema, msamehe tu, mama, huyu mdogo wangu siku hizi mkono wake haujatulia. Wateja wakacheka. Mwalimu mkuu akalainika. Fundi Kimya akaweka randa mezani taratibu, kama anayelaza mtoto, akavuka barabara, na hakurudi.

"Nilikwenda kumwomba msamaha," akajitetea, akisahau kwamba alikatazwa kujitetea.

"Ulikwenda. Ulimwambia mimi nimekosa na wewe umekosa, tuyaache. Ndivyo unavyoniomba na mimi, baba watoto. Unataja kosa lako dogo, halafu unaniangalia mkononi, unangoja na mimi nitoe langu tukutane katikati. Tangu tuoane, humu ndani hujawahi kukosa peke yako."

Maneno yale hayakusemwa kwa hasira, na hilo ndilo lililouma. Bei yenye hasira hupungua. Hii ilisemwa kama mtu anavyotaja uzito wa mgonjwa.

Jumamosi iliyofuata kikundi kilikutana tena. Mama muuza maua alisema jirani amemwambia kwamba anasengenya, na kwamba habari hizo za usengenyaji jirani alizipata kwa mtu wa tatu, lakini mwalimu alimkataza kumtaja. Zamu ya Bei ya Mwisho ilipofika, alisimama na kutaja lengo lake kwa sauti ya mtu anayefunua shuka juu ya samani: mwaka huu nitapatana na mdogo wangu.

Watu wakanong'ona kwa kupendezwa. Mwalimu wa udereva hakunong'ona.

"Kupatana kunataka madereva wawili," alisema. "Usukani wako ni mmoja. Wewe utafanya nini?"

Bei ya Mwisho akasema atamwomba msamaha. Mwalimu akauliza, msamaha wa namna gani? Hapo yule bwana mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni akatazama alama ya barabarani iliyokuwa mbele yake, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa ya kusimama. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ataomba msamaha bila kupatana bei. Atataja kosa lake zima, na hatangoja nusu ya mwenzake.

"Lini?"

"Mwaka huu."

"Mwaka ni mrefu, ndugu yangu."

"Basi mwezi huu."

Mwalimu akamtazama tu. Kila mtu pale ndani alijua mchezo ule, maana kila mmoja aliwahi kununua mlango kwake, na kwa mara ya kwanza walikuwa wamekaa upande wenye nguvu.

"Kabla hatujakutana tena," Bei ya Mwisho akasema.

"Amina," akadakia mama muuza maua, kabla bei haijapanda tena.

Jumatatu alivuka barabara. Alivaa uso wa ibada, akamkuta mdogo wake anapiga randa, akaanza vizuri kabisa: ndugu yangu, siku ile wote tulikuwa na hasira.

"Wote?" Fundi Kimya akauliza, macho yakiwa kwenye ubao.

Bei ya Mwisho akasema kwamba anapita tu kuuliza kama wana misumari, akarudi kwake bila misumari.

Siku iliyofuata akajaribu njia ya zawadi. Alikuwa na mlango wa mbao ngumu, mzee lakini mzima, wenye mishipa ya mti iliyojikunja kama moshi, mlango ambao angeuuzia mtu tajiri kwa hadithi ndefu. Alijua mdogo wake anaupenda ubao wa namna ile kuliko chakula. Akampa mbeba mizigo aupeleke ng'ambo, bila maneno. Jioni mlango ukarudi. Ulikuwa umefutwa vumbi, na bawaba yake iliyokuwa ikilia ilikuwa imetiwa mafuta. Bei ya Mwisho akaufungua na kuufunga mara kadhaa, hausemi kitu. Akakasirika kuliko kama angetukanwa. Mtu anakataa zawadi na anakutengenezea! Hiyo ni dharau ya hali ya juu, akawaza, kisha akawaza tena, akaona si dharau. Fundi hakutaka kununuliwa, na mlango ulikuwa unalia. Basi.

Kesho yake mchana akaketi juu ya rundo la fremu nyuma ya ua, mahali pasipofika wateja, akaamua kuomba. Alisema, Bwana, mimi nitasema kosa langu, nawe umlainishe moyo yule kabla sijafika. Hapo akajisikiliza. Alisikia kabisa sauti yake ileile ya kuuzia milango, ikimtajia Mungu masharti, cha juu kwanza, ikingoja cha chini. Akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyejikuta amevaa viatu vya mwenzake mchana kutwa. Miaka yote alipenda sana lile neno la Biblia la kuona kibanzi jichoni mwa mwenzako ukaacha boriti jichoni mwako, kwa kuwa yeye ni mtu wa mbao na aliona linamhusu kikazi. Lilikuwa linamhusu, kweli, ila si kikazi.

Akaanza upya, na maombi yakawa mafupi ajabu. Nilipima vibaya. Niliogopa aibu. Nikamsukumia mdogo wangu aibu hiyo. Alipotafuta la kuongeza hakuliona, na ule ufupi ukamtisha. Kosa lililovuliwa maelezo ni dogo kwa umbo, lakini halina mahali pa kushika ulibebe kwa urahisi.

Alivuka barabara mchana uleule, kwa sababu alijijua: akilala nalo, kesho litakuwa limeota maelezo. Mshindani wake alikuwepo, na wateja wawili, na hilo tu lilitosha kumfanya mtu mwenye akili arudi. Akasimama mbele ya meza ya randa.

"Ule mlango wa chekechea niliupima mimi," alisema. "Nilipima vibaya, nikasema ni wewe. Nilidanganya. Naomba unisamehe."

Akanyamaza. Na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kwa mtu wa biashara, ukimya baada ya kutaja bei ndio mahali pa kuvunjika shingo. Anayesema kwanza ndiye anayepunguza. Kila mshipa wake ulimsukuma aongeze kidogo, ile fremu iliyopinda, ile haraka, lile neno wote. Mikono yake ikatafuta kazi kwenye mifuko yote ya shati na haikupata. Mshindani akajifanya anahesabu vitasa.

Fundi Kimya akaweka randa chini. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hayo nilikuwa nayajua, kaka. Nilikuwepo. Aliyedanganywa si mimi, ni mwalimu mkuu. Kamwambie yeye."

Kupandisha bei baada ya kukubaliana ni haramu katika masoko yote. Watu wamepigana kwa hilo. Bei ya Mwisho alifungua mdomo, na mshindani aliyeacha kuhesabu vitasa alisogea karibu asikose kusikia. Mdomo ukakaa wazi. Kisha ukafungwa.

"Sawa," akasema, akatoka.

Shule ya chekechea haikuwa mbali, kwa bahati mbaya. Mwalimu mkuu, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyozoea kuamrisha watoto waketi chini, alimkaribisha darasani na kumwelekeza kiti. Viti vyote mle vilikuwa vya watoto. Bei ya Mwisho akaketi, magoti yakamjia masikioni. Mbele yake ule mlango ulikuwa umezuiwa kwa ndoo ya matofali ya kuchezea, kwa kuwa hadi siku ile haukuwa unafunga. Akausema ukweli kwa maneno yaleyale machache. Alikuwa ameshagundua kwamba ukiyabadilisha yanaharibika.

Mwalimu mkuu hakumwambia kwamba si kitu. Alivua miwani.

"Nimewaambia watu wasimpe kazi yule kijana," alisema polepole. "Mjomba wangu anajenga, nikamwambia. Wale masista wa hospitali walitaka makabati, nikawaambia. Wazazi hapa, nimewaambia. Nilikuwa nawasaidia, kumbe nilikuwa nabeba uongo wako kama ndoo kichwani."

Hili Bei ya Mwisho hakulijua. Alidhani uongo wake ulibaki uani pale ulipozaliwa, umekaa tu kama mlango usionunuliwa. Kumbe ulikuwa na miguu, tena ulikuwa na marafiki. Akiwa kwenye kile kiti kidogo alikumbuka siku alipopoteza mzigo mzima kwa moto. Mzigo ulikuwa wake. Hiki kilikuwa chakula cha mtu mwingine.

"Nitawaambia wewe ndiye uliyekosea," mwalimu mkuu akasema. "Au hapana. Utawaambia mwenyewe."

"Wote?"

"Ulitaka nusu?"

Basi akawa kiguu na njia. Alikwenda kwa mjomba anayejenga, akamkuta juu ya ngazi, akasema maneno yake akiwa ameinua shingo kama kuku anayekunywa maji. Alikwenda kwa masista, wakampa kiti cha watu wazima na wakamsikiliza kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi. Alisimama kwenye lango la shule saa ya wazazi kuchukua watoto, na baba mmoja akamuuliza kama hii ni njia mpya ya kutangaza biashara. Alikula matapishi yake hadharani, kijiko kwa kijiko. Baadhi ya waliomsikia waliapa hawatanunua kwake tena. Mmoja alinunua dirisha palepale, akasema mtu anayejichongea namna hii lazima dirisha lake ni zima. Hakuna anayeuelewa moyo wa mteja.

Jumamosi walipokutana, mwalimu wa udereva alimuuliza kama yeye na mdogo wake wamepatana.

"Sijui," Bei ya Mwisho akasema. "Hilo si lengo langu."

Mwalimu akakubali kwa kichwa na kupita kwa mwingine, kama afanyavyo pale mwanafunzi wake anapogeuza gari bila kugonga kitu. Mama muuza maua alitaka kusikia mambo yote ya chekechea, hasa habari ya kile kiti, akakumbuka lengo lake katikati ya swali, akajiziba mdomo kwa mkono.

Jumapili baada ya ibada, muuguzi alimwalika shemeji yake kula. Hakumuuliza mumewe. Fundi Kimya alikuja na shati safi, akaketi mahali pake pa zamani bila kuonyeshwa, akala. Watoto walisema habari za shule, mama yao akasema habari za zahanati, na ndugu wawili walipitishiana maji kwa adabu ya watu waliokutana msibani. Mwisho Bei ya Mwisho akauliza lile lililokuwa limemkaa kooni tangu salamu: je, atarudi uani?

"Sijui, kaka," mdogo wake akasema. "Kule wananiheshimu."

Kwa maisha yake yote, jibu kama lile lilikuwa mwanzo wa soko. Masharti yakajipanga ulimini yenyewe: vifaa vipya, siku za kupumzika, bango lenye majina yao wawili. Mkewe akaacha kutafuna. Bei ya Mwisho akayasikia yote, yakiwa mazuri, tena ya kweli, akayaacha palepale.

"Sawa," akasema, akamsogezea bakuli.

Fundi Kimya akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyejiandaa kusukuma kwa bega akakuta hapana anayezuia. Akajipakulia. Akala kidogo.

"Hivi, ule mlango uliupima kwa kitu gani hasa?"

"Kwa macho."

"Macho peke yake?"

"Na kiganja. Mwishoni."

Fundi Kimya, mtu ambaye mtaa mzima haukuwahi kujua meno yake yana sura gani, alicheka mpaka chakula kikampalia, muuguzi akainuka kumpiga mgongoni kitaalamu. Watoto wakacheka kwa sababu watu wazima wanacheka. Aliporudiwa na pumzi, akafuta macho kwa mkono wa shati safi.

"Kesho nitakwenda kuurekebisha," alisema. "Wewe usije."

"Siji."

"Hata kushika ngazi."

"Siji, bwana mdogo," akasema Bei ya Mwisho, na kesho yake hakwenda.